Masaa Matano Kutoka Dubai

Mama,

Tulikuzika Ijumaa, baada ya swala, bila mwanao Hamisi. Nilitaka hilo ulisikie kwangu.

Alhamisi asubuhi ulipotutoka, mtu wa kwanza niliyempigia simu ni yeye. Alilia mpaka nikamhurumia. "Niko Dubai, dada, natafuta tiketi. Nisubirini." Baba mdogo akakubali asubiriwe mpaka kesho yake, zaidi ya hapo akakataa. Hakuja. Alifika hapa nyumbani Mbale Jumapili jioni, akaanguka mlangoni akilia, akawaambia watu kutoka Dubai ni safari ya siku mbili na zaidi.

Wote waliamini. Mimi nilitazama begi lake. Halikuwa na karatasi yoyote ya uwanja wa ndege.

Jumatatu nikaenda kwa yule mwanamke anayekata tiketi za ndege karibu na soko. "Dubai mpaka Entebbe? Masaa matano na kitu, ndege moja, hushuki popote." Kutoka Entebbe kuja kwetu, hata barabara ikiwa mbaya vipi, ni siku moja tu. Nilihesabu njia nzima mara tatu. Siku mbili zikakosa maelezo.

Nikaichukua simu yako, Mama, unisamehe. Namba uliyoiandika "Hamisi Dubai" haikuwa ile ya Dubai ninayompigia mimi kwa WhatsApp; ilikuwa namba ya hapa hapa Uganda.

Nilimwita nyuma ya jiko. "Ulikuwa wapi?"

Akasema, "Wanyange."

Kazi yake iliisha mwaka jana. Alirudi bila kumwambia mtu, anauza samaki kule ziwani, nje kidogo ya Jinja. Masaa matatu tu kutoka kwenye jeneza lako! "Ningefika mapema wangejua sikutoka Dubai," akasema. Basi akajifungia chumbani siku tatu, akingoja ndege ambayo hakuipanda.

Nilitaka kumpiga. Ndipo akasema, "Mama alijua. Alikuja kuniona mara mbili."

Mara mbili. Zile safari zako za Jinja kwa daktari wa macho? Mimi ndiye niliyekupeleka stendi, nikakushika mkono ukipanda basi. Ulirudi ukaniambia, "Daktari kasema nipumzike." Nikakupikia uji. Mama, tulilala chumba kimoja miaka yote hii, na hukuniamini? Uongo wa Hamisi naweza kuumeza. Wako... Sasa kila ulichowahi kuniambia nakigeuza geuza, nakitazama upande wa pili. Kuna mengine?

Hamisi aliniomba ninyamaze. Nimekataa. Ijumaa hii atamwambia Baba mdogo kwa mdomo wake mwenyewe, na mimi nitakaa kando yake, sitamwacha aaibike peke yake. Halafu atakwenda kaburini kwako kukuomba radhi.

Pumzika, Mama. Bado nimekukasirikia, sitakuficha. Lakini kila swala nitakuombea, hata siku ambazo hasira itakuwa haijaisha.

Binti yako,
Zaituni