Leo Nimesujudu

Shinyanga, Ijumaa, 1934

Nimecheka leo mpaka mbavu zinauma, na tumbo lenyewe tupu!

Tangu daktari anishauri nipunguze ugali ili mwili upungue na magoti yapone, njaa hainipi nafasi. Mchana nakula tonge kama ngumi ya mtoto, na mlenda mwingi, kisha nashona nguo za watu huku nanusa vyungu vya majirani.

Leo Mama Kabula, jirani yangu, aliingia na sinia la michembe, viazi vitamu vikavu vilivyopikwa kwa karanga.

"Mama Zuhura, umekonda! Mumeo anakunyima chakula?"

"Haninyimi. Najinyima mwenyewe."

"Chakula kipo, halafu huli? Basi umerogwa!"

Nilichukua kipande kimoja, nikakitafuna mpaka kikawa maji. Nikamrudishia sinia, mate yamejaa kinywani.

Alasiri ikaingia. Mwaka mzima nimesali nikiwa nimekaa kwenye kigoda. Leo nikasema nijaribu. Nikarukuu, nikasujudu, paji la uso likagusa mkeka. Nikaogopa kuinuka. Nikainuka! Peke yangu!

Nilipotoa salamu nikampigia kelele mume wangu. Akaja mbio.

"Umeanguka?"

"Nimeinuka! Tazama!"

Nikainama tena, nikainuka tena. Akaketi pale mlangoni, akafuta machozi, mwanamume mkavu yule. Mimi nacheka tu, kizunguzungu cha njaa na cha furaha sikijui kipi ni kipi.

Kesho kuna harusi ya mpwa wangu, na pilau. Naogopa, nasema kweli. Nitakula kidogo, kisha nitaingia uwanjani nicheze.