Usiikaze Meza ya Wazazi Wako

Mpendwa Naserian,

Huku Kitengela tuko sawa. Kuku wa nyanya yako wametaga mpaka tunawagawia majirani mayai.

Unauliza kama unaweza kukaza ule uso wa meza kwa gundi na skrubu, kwa sababu unacheza kidogo. Tafadhali usiuguse!

Siku wazee wa baba yako walitoka Loitokitok kuja kumposa mama yako, niliwaandalia meza mpya ya mvule. Mbao nilizitoa kwetu Kakamega, kwenye mvua nyingi, nikazifunga kwa gundi na skrubu hadi meza ikawa kama jiwe. Nilijivunia sana. Kumbe kiangazi cha huku kilikuwa kinaikausha, nayo ilitaka kusinyaa na haikuwa na nafasi. Tukiwa katikati ya kuombea chai, meza ikapasuka, paa! Vikombe vikaruka.

Nilitamani kuingia chini yake. Lakini babu yako wa Loitokitok alipitisha kidole kwenye ule ufa, akacheka. "Fundi, hata ngozi ukiiwamba ikabana sana, inararuka. Hawa watoto tusiwafunge hivi."

Meza uliyo nayo ni ya pili, zawadi yangu ya harusi yao. Vile vibao vidogo chini vinashika uso usiinuke, lakini vinauacha utanuke na unyevu wa huko Mombasa na usinyae wakati wa kiangazi. Imecheza kidogo miaka hii yote, na bado ni nzima.

Wazazi wako pia.

Ni mimi babu yako, fundi