Ng'ombe Aliyelia Kwenye Maombi

Kitendawili, Elinipendo! Mimi nimefunga mdomo, wa bandani akanitangaza.

Usijisumbue, ni ng'ombe wangu. Wenzangu wa jumuiya ya maombi ndio kwanza wametoka hapa kwangu. Nina aibu, dada!

Rachel, aliyeongoza sala, aliniuliza, "Mama Eliamini, una hitaji tukuombee?" Nikasema sina, Mungu ananitosha. Eti sina!

Tumefumba macho, ng'ombe akalia. Akalia tena, mpaka sala ikakatika. Rachel akauliza, "Huyu amekula nini leo?"

Nikageuza maneno, nikawakaribisha chai. Eti chai, Elinipendo!

Wakaondoka bila hata chai. Nikajua nimewaudhi. Kumbe walikwenda kukata majani! Wamerudi na mizigo vichwani, Rachel mbele, ananitazama tu.

Ndipo nikamwambia, "Hajala tangu jana. Mgongo umekataa kuinama, na niliona haya kuwaomba."