Waliompenda Mchimbaji

9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. U mzima? Cherehani zinaendeleaje hapo dukani? Mimi sijambo, ila chakula hakishuki kwa furaha.

Mchezo umetoka. Ule ule nilioanza tulipokuwa bado tunakaa nyumba moja, ukanikuta nachora mizinga nyuma ya karatasi zako za vipimo. Nimeuita Sayari ya Kutu. Mchezaji anapewa jeshi la mashine kwenye sayari iliyohamwa na watu. Anachimba madini, anajenga ngome, anapigana na adui ambaye hamsubiri, kila mtu anakwenda kwa wakati mmoja. Mashine ikipigwa bomu haifi papo hapo, inaendelea kutembea kwa kuchechemea mpaka itengenezwe. Nimeutoa bure. Sitaki hata senti ya mtu, nataka tu waucheze na waseme wameuonaje.

Unakumbuka siku niliyokuja kukurekodi? Nilikuingiza katikati ya magauni yaliyoning'inia ili kusiwe na mwangwi, mimi nikakaa chini ya meza ya kukatia na kinasa sauti. Basi wewe ndiye Mchimbaji, mashine inayochimba madini. Mtu akiigusa inamjibu kwa sauti yako, "Amri imepokelewa." Akiigusa mara nyingi mno, inamtolea yale manung'uniko uliyonitolea uliponichoka, maana nilisahau kuzima kinasa. Nimeyaweka nikidhani yatachekesha watu wawili watatu.

Maoni ya wachezaji yataanza kuingia sasa. Niombee.

Mdogo wako,
Profesa

16 Februari

Mdogo wangu Profesa,

Marahaba. Huku tu wazima, cherehani moja tu ndiyo inayodeka, kila saa inataka mafuta. Mimi shingo imevimba kidogo upande wa kushoto, kola zinanibana. Fundi mzima nashindwa kujipima. Nitakwenda kuionyesha.

Sasa sikiliza mkasa. Jana alikuja yule mwalimu wa hesabu, mrefu, ambaye kila suruali yake lazima niishushe upindo. Akawa ananiharakisha. Nikamwambia, "Haya, nimesikia, si uniache nimeze mate kwanza?" Akasimama kama aliyemwagiwa maji, suruali mkononi, akaniuliza kama nimewahi kuchimba madini. Nikajua mwalimu hesabu zimempanda kichwani. Kumbe anacheza mchezo wako, yeye na walimu wenzake, na wote wanaigusagusa ile mashine mpaka adui anawavunjia ngome, ili tu wanisikie nikigomba. Akaniomba na lile nung'uniko jingine. Nikamwambia, "Nakwenda, nakwenda, au nikubebe na wewe?" Alicheka mpaka akakaa kwenye kiti cha wateja, na upindo nikamshushia bure.

Kwa hiyo dada yako sasa ni mtu maarufu. Usije ukanionea wivu.

Dada yako,
Fundi

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini afya ni njema na kazi inakwenda. Mimi ninaendelea.

Wivu wa nini? Mchezo ni wangu, ukipendwa wewe nimependwa mimi. Ila nimesoma maoni yote, na nina machache ya kusema.

Mmoja anayejiita Bibi Roketi ameandika kwamba vita ni vya kawaida, lakini Mchimbaji ni mama yake mtupu. Mwingine ni Jiwe Kali, mkosoaji ambaye watu wanamsikiliza sana. Yeye ameandika: "Mchezo huu una kitu kimoja kizuri, nacho kinalalamika." Wakamshangilia. Yupo pia aliyekuchora, mama mnene mwenye kilemba, mkono kiunoni, amesimama juu ya mlima wa madini. Mimi hakuna aliyenichora.

Dada, jeshi zima linapita kwenye korongo jembamba bila mashine kugongana. Unajua nimehangaika vipi kuzifundisha kupishana? Uchumba wangu ulivunjika nikizifundisha. Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba asante, mashine hazigongani. Zingegongana ndiyo wangeandika. Na yale majibu niliyoyatunga kwa mkono wangu, nikichagua neno moja moja, hakuna anayeyataja. Wao wanataka "nimeze mate".

Lakini nafurahi kwa ajili yako. Kwa kweli nafurahi.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, na kila ulipoandika "nafurahi" nilisikia meno yakisagana. Wewe tangu utoto hukuwahi kuvumilia kuona mwenzako anapakuliwa kabla yako. Ulikuwa unahesabu vipande kwenye sahani yangu kwa macho, ukidhani sikuoni.

Mimi sikuomba kupendwa. Nilikuwa nimechoka tu, nawe ukasahau kuzima kinasa. Ila sitakuficha, nimefurahi mno. Miaka yote nashona nguo za kuwapendezesha watu wengine, wakivaa wanasifiwa wao. Hii ni mara ya kwanza watu kupenda kitu kilichotoka kwangu mwenyewe. Mwalimu alinisomea maoni, nikamwambia arudie, akarudia. Niachie hicho kidogo, mdogo wangu, wewe una sayari nzima.

Shingo nimeionyesha. Daktari anasema lazima wapasue, mwanzoni mwa mwezi wa nne. Kabla ya siku hiyo nipigie simu. Usiandike, piga. Nataka tuongee tu, hata kama ni upuuzi.

Dada yako,
Fundi

6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Habari za afya? Bila shaka ni nzuri. Nisamehe sijapiga, nilikuwa nimezama kwenye toleo jipya la mchezo, na leo limetoka.

Nimebadilisha sauti ya Mchimbaji. Ni sababu za kiufundi tu, rekodi yako ilikuwa na mlio wa cherehani nyuma. Nimempata mtangazaji wa redio, sauti nzito, ya heshima, inayoifaa sayari iliyokufa. Majibu niliyoyatunga sasa yanasikika kama nilivyoyataka. Zile rekodi za zamani nimezifuta zote, hata nakala zake, nisije nikashawishika kurudi nyuma. Sasa watauona mchezo wenyewe.

Najua utanielewa. Nitakupigia mambo yakitulia.

Mdogo wako

24 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. U mzima? Mbona kimya hivi? Nimekuandikia mara mbili hapa katikati, hujajibu.

Wachezaji wamenigeuka. Toleo jipya wameliita toleo la msiba. Bibi Roketi ameondoka na kundi lake lote. Jiwe Kali ameandika maneno machache tu, kwamba kile kitu kimoja kizuri kimefariki. Wanaobaki wanabaki ili wanitukane. Na mashine bado hazigongani, wala bado hakuna aliyeona.

Nitasema, maana wewe ulishajua. Cherehani haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa na wivu. Kila nilipofungua ukurasa wa maoni na kukuta jina la Mchimbaji, nilijisikia kama bwana harusi ambaye wageni wote wanampongeza mpishi. Nilitaka wanione mimi. Nikakuondoa, na sasa hawaoni chochote.

Naomba turekodi tena. Nitakuja, nitakaa chini ya meza, nitakuudhi mpaka unigombeze kama siku ile. Nilikupigia Jumapili kukuomba kwa mdomo, akapokea mtu mwenye sauti ya kukwaruza. Nikamwambia samahani, nimekosea namba, nikakata. Umebadilisha namba?

Mdogo wako,
Profesa

1 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Namba ni ile ile. Aliyepokea ni mimi.

Walinipasua kama walivyosema. Uvimbe haukuwa wa kutisha, namshukuru Mungu, umetoka wote. Lakini mshipa wa sauti unapita hapo hapo, na daktari alinionya mapema kwamba huenda ukaguswa. Uliguswa. Ndiyo maana nilikuambia upige. Nilitaka mtu wa kwetu anisikie kabla.

Hiyo sauti uliyoisikia ndiyo niliyobaki nayo, na daktari hanipi tumaini kubwa la ile nyingine. Ulinijibu kwa adabu kabisa, nisikutie lawama. Nilikuwa nataka kukuita jina, ukawa umeshakata.

Katika kila barua uliniuliza habari za afya, nami nilikujibu. Kasome tena.

Barua zako mbili nilizipata. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Nilipotoka hospitali nilimwomba mwalimu wa hesabu aje na kompyuta yake, anifungulie mchezo nijisikie kidogo. Nilikuwa nimejiambia kwamba hata hili koo likininyima, huko mimi nipo. Mchezo wake ulikuwa umeshajibadilisha wenyewe kuwa lile toleo jipya, naye hakuwa ameugusa tangu hapo. Nikaigusa mashine kwa mkono wangu, akanijibu mwanamume. "Amri imepokelewa." Mwalimu aliona haya kuliko mimi. Nikainuka nikaenda kuwasha pasi, nikapiga pasi shati ambalo lilikuwa limeshapigwa.

Siwezi kukurekodia, mdogo wangu. Si kwamba sitaki.

Dada yako

19 Juni

Dada,

Shikamoo. Kidonda kimefunga? Unameza bila maumivu? Usiku unaweza kulalia upande wa kushoto? Nijibu hayo kwanza, haya mengine yasome baadaye.

Barua zako nimezisoma tena zote, kama ulivyoniambia. Shingo ipo kila mahali. Sijui nilikuwa nasoma nini. Najua, nilikuwa natafuta palipoandikwa juu yangu.

Sina la kujitetea. Nilishika mkononi sauti ya dada yangu, nikaifuta kwa sababu watu waliipenda. Nimelia, na najua kilio changu hakikusaidii.

Nimemwandikia Jiwe Kali. Yeye aliapa hatagusa toleo la msiba, akauzuia mchezo wake usijibadilishe wenyewe, kwa hiyo kompyuta yake bado ina lile la kwanza. Alikataa, akasema mtu aliyeweza kumfuta Mchimbaji hastahili kumpata tena. Sikubishana naye. Nikamweleza ni nani Mchimbaji na nini kimempata, nikamwomba tena. Alinitumia siku hiyo hiyo, na ameniagiza nikusalimie.

Nimekuambatishia rekodi zote, na cherehani yako inasikika nyuma. Ni nzuri sana ile cherehani. Mtangazaji nimemshukuru na kumwondoa, Mchimbaji amerudi. Mimi ninakuja Jumamosi ijayo. Ukinifungia mlango nitakaa nje na wateja.

Mdogo wako,
Profesa

24 Juni

Mdogo wangu Profesa,

Marahaba. Kidonda kimefunga, nameza vizuri, upande wa kushoto nalala. Na kola nimeanza kuvaa, nimejishonea mpya.

Rekodi nimezisikiliza mara moja, halafu nikafunga kompyuta ya watu. Nataka nikuambie kitu, na usicheke. Ninamwonea wivu yule mwanamke. Wateja wakipiga simu dukani wananiomba niwaitie mama fundi. Nikisema ndiye mimi, wanarudia kuniomba niwaitie. Yeye huko kwenye sayari yako watu wanamgusa makusudi ili wasikie neno lake. Yeye akigomba wanacheka, mimi nikigomba wananiletea maji. Nilimsikiliza anavyojitapa, nimeze mate, nikubebe na wewe, nikatamani kumnyamazisha. Ndipo nikakuelewa. Sijasema nimekusamehe yote, nimesema nimekuelewa.

Kwa hiyo usimwondoe. Abaki hapo alipo. Lakini hatakaa peke yake. Uliniambia mashine zako zikipigwa bomu haziishii hapo, zinaendelea kwa kuchechemea. Basi Mchimbaji mzima ajibu kwa sauti ya yule. Mchimbaji aliyepigwa ajibu kwa hii yangu, halafu tuone watamgusa nani.

Njoo Jumamosi na kinasa sauti. Magauni yananing'inia, na chini ya meza nimefagia. Majibu yote utatunga wewe, chagua maneno yako makubwa unavyopenda, na safari hii nitayasoma neno kwa neno, sitanung'unika hata mara moja. Ila jibu moja nimelitunga mimi, na ndilo atakalotoa mtu akimgusa mara ya kwanza. Nimeshalifanyia mazoezi, koo linaliweza. Anasema, "Bado ni mimi. Usikate."

Dada yako,
Fundi