Presha ya Nyambura

Jumatatu, 4 Agosti

Tairi tano kabla ya saa nne. Hapa Gatitu hakuna fundi anajaza upepo kama mimi. Niulize presha ya kitu chochote. Lori nimeliendesha hadi Juba, si mchezo.

Nyambura amepiga simu kutoka Ujerumani. Mpwa wangu, anasomea mawe na stima. Kuna jiwe jeusi halipitishi stima hata kidogo. Wamelifinya na presha ya ajabu, likaanza kupitisha kama chuma. Wakaligandisha kwa baridi, stima ikapita bila kupotea hata tone. Anasema presha yake ndiyo imepanda kushinda ya wote maabarani. Kesho anapanda ndege, likizo fupi.

Habari kama hiyo hailali. Nikampigia mama yake, dada yangu Wangechi, Mukurweini. "Presha ya Nyambura imepanda kushinda ya mtu yeyote Ujerumani!"

Akakata simu. Furaha imemzidi.

Jumatano, 6 Agosti

Haikuwa furaha.

Wangechi mwenyewe yuko na presha, ile ya vidonge. Akadhani mtoto ni mgonjwa. Nyambura amefika leo, na kabla hata ya chai pasipoti imefichwa. Ati masomo yaishe, akae nyumbani apone. Ndege ni Jumatatu. Asipopanda, mtu mwingine anapewa nafasi yake kwenye mashine ya kufinya jiwe.

Nikakimbia Mukurweini kunyoosha mambo. Nikaeleza kwa ufundi: presha ni ya jiwe, linafinywa katikati ya almasi mbili.

"Almasi za nani?" Wangechi akauliza.

Sasa mtoto ni mgonjwa na pia mwizi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nyambura ameapa yuko mzima. Mama yake: "Hata mimi nilisema hivyo. Presha haibishi hodi." Akaleta mashine yake ya kupima. Wamegombana tangu wakati wa kukamua ng'ombe, lazima isome juu. Ikasoma juu. Nikajitolea nipimwe pia, kama mfano. Yangu ikasoma juu zaidi. Hainisaidii kitu.

Nyambura amelia nyuma ya zizi. Mdomo huu wangu. Ningekuwa na kiraka chake ningeuziba.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo! Wangechi aliwaita akina mama wa kanisa waombee hiyo presha. Viti vikapangwa mbali mbali sebuleni, kila mama na chake. Nyambura akawatazama, akacheka peke yake. Nikafikiri sasa ugonjwa ni wa kichwa.

"Mama, jiwe langu ni hivi hivi," akasema. "Hawa ni chembe za stima. Kila mtu na kiti chake, hakuna anayetaka kubanana na mwenzake. Basi hakuna anayesonga."

"Sisogei kweli," akasema Mama Karimi, mnene kuliko wote.

"Anko, sukuma viti vikaribiane. Hiyo ndiyo presha."

Nikasukuma. Jasho. Viti vikagusana, na akina mama wakaanza kuhama kiti hadi kiti, vitambaa vya kichwa vinateleza, vicheko. Hata Mama Karimi alihama.

"Sasa jiwe ni chuma. Likipata baridi kabisa, wanaenda wawili wawili, hakuna anayegonga mwingine."

Wawili wawili? Hapo sihitaji shule. Nimewahi kutingisha Mukurweini nzima kwa mwomboko, ngoma yetu ya wawili wawili. Nikamshika Wangechi mkono, mbele, mbele, inama. Alikataa hatua moja tu. Miguu yake haijasahau, na hatukukanyagana hata mara moja, na hao wengine wakatufuata wawili wawili mpaka mlangoni.

Wangechi akakaa, pumzi juu. "Kwa hivyo presha ni ya jiwe."

"Ni ya jiwe, Mama."

"Na almasi?"

"Ni za shule. Nyingine nimezipasua tayari."

"Umezipasua! Wewe ni wa anko wako kabisa."

Akaenda kwa ng'ombe. Akarudi na pasipoti imejaa unga wa kulisha ng'ombe. Maombi yalifanyika pia, ya safari.

Jumanne, 12 Agosti

Nyambura amefika salama. Mvua nyepesi. Kazi kidogo.

Wangechi amepiga simu. Ameuliza, wakiachilia lile jiwe, linarudi vile lilikuwa?

Mimi hujua kila kitu. Nimemwambia sijui, tutamuuliza Nyambura.

Akasema sawa. Hakukata. Nikamweka kwenye spika, nikaendelea kujaza tairi. Nilimsikia akisukuma viti vya sebuleni, karibu, halafu mbali tena.