Kitambaa cha Nana Juu ya Viazi vya Pomaa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Yaw Asubonteng. Umri: miaka 41. Kazi: mvuta mkokoteni, soko la viazi vikuu, Techiman. Makazi: nyuma ya soko hilohilo.

Kwanza naomba iandikwe rasmi kwamba Ijumaa, tarehe 12 Septemba, asubuhi, gurudumu la kushoto la mkokoteni wangu lilijazwa upepo. Baada ya hapo niliitwa na Afia Pomaa, mkulima, nimpakilie viazi vikuu vyake kwenye lori la mnunuzi kutoka Accra.

Kabla sijapakia vingi akaja mumewe, Kwaku Dwomoh, akakalia rundo la viazi.

"Hivi ni vyangu. Kiazi kikuu ni zao la mwanamume. Mke wangu analima pilipili."

Pomaa akasema, "Shamba ni la ukoo wa mama yangu. Matuta nimelipa vibarua. Wewe shambani ulikuja lini, zaidi ya kufuata chakula? Lori likiondoka bila viazi vyangu, mwakani silimi."

Dwomoh akanigeukia. "Yaw ndugu yangu, tangu lini mwanamke akawa na matuta?"

Nikakagua gurudumu.

Ndipo akafika Nana Serwaa, malkia wa viazi. Sokoni kwetu wanaume hulima, lakini bila neno lake hawauzi hata kimoja. Akamuuliza mnunuzi, "Umepatana na nani?"

"Na mama huyu, Nana. Ila hela huwa tunampa mume."

Nana alivua kitambaa chake cha kichwa, akakitandaza juu ya rundo. Kwetu, hapo biashara ya rundo hilo imesimama.

Mama wa rundo la jirani naye akavua chake, akafunika viazi vyake. Kisha mwingine. Ikaendelea hadi kwenye nyanya, ambako hata hawakujua ugomvi ni wa nini. Soko zima likafunikwa, likanyamaza. Afande, nimefanya kazi pale tangu ujana, sikujua soko lile lina ndege. Siku hiyo niliwasikia.

Dwomoh alinyanyuka polepole, kama mtu aliyegundua amekalia kaburi la mkwewe.

"Pakia," Nana akaniambia, akiondoa kitambaa chake. "Vya Pomaa."

Nilipoanza kupakia, Dwomoh akaja huku kituoni kushtaki wizi.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na sina la kuongeza.

Sahihi: Y. Asubonteng

Maelezo ya afisa: Shahidi amesomewa, amekubali. Viazi vyote vimeshikiliwa kituoni kama kielelezo hadi kesi itajwe Novemba. Lori limeondoka. Viazi vimeanza kuoza.

Koplo Atinga