Minazi Yangu Kumi na Minne na Fizikia Yako

Dunda, Bagamoyo
4 Rajabu 1372
(20 Machi 1953)

Mpendwa mdogo wangu Majaliwa,

Assalamu alaykum. Shikamoo uliyoileta ndani ya barua imefika, nami naiitikia marahaba, maana hiyo ni haki ya mkubwa hata akiwa amekasirika. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Miguu ya Mama huvimba jioni, lakini uani anafika mwenyewe bila kushikwa. Na wewe je, kile kikohozi kimekuachia? Kampala nasikia kuna baridi. Vaa fulana.

Nakuandikia kwa herufi zetu za Kiarabu za chuoni, za Kizungu sizijui. Kama umeshazisahau, mtafute Mwislamu huko akusomee. Ukiona haya mtu mwingine kuyasikia haya, vumilia, maana barua yako nayo ilisomwa mbele ya watu.

Aliyeisoma ni binti yangu Adija. Mama alikuwapo, na Ami Bwanausi alikuja makusudi, kavaa kanzu ya Ijumaa, kusikiliza habari za daktari wetu. Mtoto akasoma mpaka pale uliposema kwamba udaktari umeuacha tangu mwaka jana, sasa unasoma fizikia, na Serikali imeukata msaada wake kwa kuwa ulitolewa kwa ajili ya udaktari tu. Akaendelea hadi unapotaka niuze minazi yangu kumi na minne ya Mlingotini ili umalize miaka miwili iliyobaki. Ami akamwambia arudie, akidhani mtoto kakosea kusoma.

Mwaka mzima, Majaliwa! Mwaka mzima Mama anatembea Dunda nzima akisema mwanawe ni daktari. Wanawake wanamuuliza utarudi lini, wana watoto wagonjwa, naye anawaambia subirini kidogo. Wewe ulijua na ukamwacha aseme. Hilo limeniuma kuliko habari ya minazi.

Ulieleza kwamba fizikia ni elimu ya nuru, na joto, na uzito wa vitu. Mama alisikiliza yote, kisha akasema, "Nuru na joto vimejaa hapa Bagamoyo. Tulichokosa ni dawa." Akaingia ndani.

Lakini mimi sikutaka kukuhukumu kwa ujinga wangu. Jumatatu nilijitanda nikaenda kwa Mwalimu Mbaruku, yule aliyekufundisha hesabu, nikamuuliza mtu wa fizikia akimaliza anapata kazi gani katika nchi hii. Akasema utafundisha skuli, na waliosoma kidogo kuliko wewe wanafundisha vilevile. Au utachukuliwa kule uwanja wa ndege wa Dar es Salaam kupima mvua na upepo, chini ya Mzungu, na penye shilingi tano za Mzungu wewe utapewa tatu. Nikamuuliza tena, na mvua ikishapimwa huongezeka? Akacheka, lakini si cheko la furaha.

Ausi, mtoto wa shangazi, aliishia darasa la nane. Leo ni karani kwenye shamba la mkonge, mamaye kamwezekea bati na mke kaoa. Sikutajii Ausi kukudharau. Nakutajia kwa sababu Mama anamtaja kila siku.

Nisiwe mwongo, Mwalimu alisema na jambo jingine. Alisema una akili ya nadra, na akili ya mtu haichaguliwi kitu cha kupenda. Neno hilo nililirudia njia nzima mpaka nyumbani, nikaona uchungu wa ajabu. Mimi nilihitimu Korani mwaka mmoja kabla yako, na sura nyingi ulizosoma wewe nilikushika mkono mimi. Nilipovunja ungo nikawekwa ndani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza akili yangu inapenda nini.

Sasa minazi. Baba alipofariki iliachwa arobaini na minane. Mama alipewa sita, wewe ishirini na minane, mimi kumi na minne. Ndivyo sharia inavyogawa, sikunung'unika. Lakini ulipouza yako ulimuuzia tajiri wa Dar es Salaam asiyetujua wala hatumjui, ukaondoka. Tangu zamani hapa mtu hauzi mnazi wa urithi kwa mgeni kabla hajamuuliza nduguye. Ungeniuliza, ningeuza mkufu wangu nikununue hata mitano. Nilizijua habari siku nilipowakuta wakwezi wa tajiri juu ya minazi yangu, wanaangua tu, eti wameambiwa shamba lote ni lake. Nikachukua kisu, nikachonga alama kwenye kila shina langu kwa mkono wangu. Na hadi leo kila wanapoangua sharti nikasimame pale juani niwalinde, mwanamke mzima niliyeachika, nabishana na wanaume juu ya nazi. Hizo ndizo fadhila zako. Za punda unazijua.

Nazi za minazi hiyo ndizo zinazotulisha mimi na Adija, na makuti yake nayasuka nauza. Hatuna kingine.

Ami anasema niuze tu, elimu ya mwanamume ni ya ukoo mzima. Nikamuuliza, ile ishirini na minane ilipouzwa, ukoo ulipata nini? Akasema mimi nina mdomo. Kweli, ninao.

Basi sikiliza nilivyoamua. Adija amefaulu. Amepata nafasi ya kuanza Januari ijayo skuli ya bweni ya wasichana kule Tabora, na karo, nguo na nauli ya treni vyote vyanitazama mimi. Saba nitaiuza kwa ajili yake. Saba inabaki tule, mimi na Mama. Kumi na minne imekwisha hapo, wala sikuhitaji fizikia kuihesabu.

Na ukitaka kuniuliza msichana atapata kazi gani kwa elimu hiyo, sijui. Wewe yako ulijua?

Hata hivyo, mimi desturi siivunji. Saba hiyo ni ya urithi, na wewe ndiwe ndugu yangu pekee, kwa hiyo nakuuliza wewe kwanza kabla ya mtu yeyote. Unainunua? Nakungoja mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Kama fedha huna, usijisumbue kujibu, nitaelewa.

Mama anakusalimu, na hakunipa neno jingine la kukuletea. Ami Bwanausi, Ausi na Mwalimu Mbaruku wanakusalimu sana. Adija anakuamkia mjomba wake shikamoo. Mwenyezi Mungu akuepushe na maradhi ya ugenini, akufungulie riziki ya halali, na hiyo fizikia uliyoipenda naye aipende.

Ni mimi dadako, nikupendaye kwa hasira zangu zote,

Mwanamkasi